Kufunga, kufungua, kukata: somo la vitenzi katika kubadilisha redio ya gari

Tunapojifunza kutafsiri maandishi ya ufundi, mara nyingi tunabishana juu ya nomino. Tuandike usukani au volani? Bisibisi au turnevisi? Mabishano hayo yana faida yake, lakini fundi anayesoma maelezo yetu si rahisi apotezwe na nomino. Kifaa kiko mbele yake. Hata jina likiwa geni, atakitazama na kukitambua. Kitenzi ndicho kinachoweza kumpoteza, kwa kuwa ndicho kinachouambia mkono ufanye nini. Somo hili linalipima jambo hilo kwa kazi moja ya gereji: kutoa redio iliyokuja na gari, kuweka nyingine, na kuviacha vitufe vya usukani vikiendelea kuitii redio mpya.

1. Kazi yenyewe

Magari mengi ya mitumba yanayofika kwetu yametoka Japani. Redio za zamani za nchi hiyo zilitengenezwa kupokea FM kati ya megahezi 76 na 90, wakati stesheni zetu hutangaza kati ya 87.5 na 108. Redio ya namna hiyo ikiwa Kinshasa haiwezi kuipata Radio Okapi kwenye 103.5. Hapo mwenye gari huamua kununua redio nyingine.

Redio mpya huingia vizuri kwenye nafasi ya ile ya zamani, kwa sababu vipimo vya uso wake vinajulikana: milimita 180 kwa 50, au 180 kwa 100 kwa zile kubwa. Tatizo huja baadaye, dereva anapobonyeza kitufe cha sauti kwenye usukani na asione mabadiliko yoyote. Hasara hiyo si ndogo. Dereva wa kamioneti anayetoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa, malori yakimjia mbele na nyuma, anahitaji kupunguza sauti bila kuondoa macho barabarani.

Ili kuelewa kwa nini vitufe hunyamaza, tujue kwanza vinavyosema na redio. Kuna njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni ya ukinzani. Kila kitufe kina kikinza chake. Ukibonyeza kimoja, umeme unaopita kwenye waya wa vitufe hukutana na ukinzani fulani. Ukibonyeza kingine, hukutana na ukinzani tofauti. Redio hupima tofauti hiyo na kujua kilichobonyezwa. Waya mmoja tu unaweza kubeba amri za vitufe kadhaa. Katika michoro ya umeme ya magari mengi ya Toyota, waya hizo huandikwa SW1, SW2 na SWG, huyo wa mwisho akiwa wa hasi.

Njia ya pili ni ya ujumbe wa tarakimu. Vitufe hupeleka habari kwenye kompyuta ya gari, nayo huituma kwa redio kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Mtandao huo huitwa CAN. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutangaza mwaka 1986. Redio ya dukani kwa kawaida haijui lugha hiyo. Kati yake na gari huwekwa kisanduku kidogo kinachopokea ujumbe wa gari na kuutoa katika umbo ambalo redio inalielewa. Kwa maneno yetu, ni mkalimani. Lazima ajue lugha zote mbili, kwa hiyo kisanduku hununuliwa kulingana na aina ya gari na aina ya redio.

2. Vitenzi vitatu vyenye mtego

Kukata. Maelezo ya Kifaransa husema betri “ikatwe”, na mtafsiri mwenye haraka huandika: Kata betri, kata waya za redio. Kiswahili kinaruhusu kusema umeme umekatwa, bila mkasi wala koleo. Lakini kitenzi hicho kikisimama mbele ya neno waya, fundi huchukua koleo. Akizikata waya za plagi ya gari, redio ya zamani haiwezi kurudishwa kwa urahisi, na waya za vitufe, ambazo ni nyembamba, hupotea katikati ya nyingine. Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha matendo haya: zima injini, ondoa kebo ya betri, chomoa plagi. Kata ibaki kwa kinachokatwa kweli.

Kufungua. Fungua redio ina maana tatu: iwashe, ilegeze itoke mahali pake, au toa kifuniko chake uone ndani. Katika kazi hii, maana ya pili ndiyo inayotakiwa, na ya kwanza ina hatari ikiwa waya hazijafunikwa. Andika: Fungua skurubu nne zinazoshika redio, kisha ivute taratibu. Kitenzi kikipewa yambwa sahihi, mtego unaisha.

Kufunga. Funga redio ni kuizima au kuiweka garini? Funga waya ni kuziunganisha au kuzikusanya kwa kamba? Fundi anayezikusanya tu hana hatia. Sisi ndio tuliomwandikia hivyo. Tumia unganisha kwa umeme, kaza kwa skurubu, fungia kwa kamba au utepe.

3. Umbo la kitenzi

Maelezo mengi ya Kifaransa hutumia kitenzi kisichotaja mtendaji. Tukiyafuata neno kwa neno tunapata: Kuondoa kebo, kuchomoa plagi, kupima waya. Kwa Kiswahili, orodha hiyo husomeka kama vichwa vya habari. Fundi haambiwi afanye, wala haambiwi lini. Tumia amri: ondoa, chomoa, pima.

Mfuatano nao unataka viambishi vyake. Kabla hujachomoa na ukishachomoa haviwezi kubadilishana nafasi. Sentensi “Chomoa plagi na kuondoa kebo ya betri” inataja matendo yote mawili, lakini imeyaweka kinyume. Betri ndiyo ya kwanza.

4. Maelezo yaliyoandikwa upya

a) Zima injini na utoe ufunguo. Ondoa kebo ya upande hasi wa betri, kisha subiri dakika chache. Usifungue usukani: ndani yake mna mfuko wa hewa unaoweza kulipuka usoni, na kazi hii haihitaji kuugusa. Waya za vitufe hupita chini ya usukani na kufika nyuma ya redio.

b) Kama ni lori kubwa, angalia kwanza volti. Malori mengi makubwa yana volti 24, na redio nyingi za dukani ni za volti 12. Bila kipunguza volti, redio huungua.

c) Ondoa fremu ya plastiki, fungua skurubu, vuta redio, chomoa plagi. Usikate waya yoyote.

d) Tafuta waya za vitufe kwa mchoro wa gari hilo. Weka multimita kwenye omu, kebo ya betri ikiwa bado imeondolewa, na upime kati ya waya wa vitufe na hasi yake. Bonyeza vitufe kimoja kimoja. Kila kitufe kikitoa namba yake, gari linatumia ukinzani. Namba isipobadilika, usikate tamaa wala waya: chunguza mchoro kama gari linatumia ujumbe wa tarakimu.

e) Unganisha waya za redio mpya na plagi ya kati inayolingana na ile ya gari. Katika redio nyingi za dukani, njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni hasi. Njano ikiunganishwa mahali pa nyekundu, redio itasahau mipangilio yake kila gari linapozimwa.

f) Kwa gari la ukinzani, unganisha waya za vitufe na zile za redio zilizoandikwa KEY1 na KEY2, kama redio inazo. Kwa gari la ujumbe wa tarakimu, weka kisanduku cha ukalimani katikati.

g) Rudisha kebo ya betri, washa redio, na uifundishe vitufe: chagua kazi kwenye kioo chake, kisha shikilia kitufe cha usukani mpaka ikubali.

h) Jaribu kila kitufe kabla hujakaza skurubu.

Msomaji atagundua kwamba tumeacha omu, volti, multimita na plagi kama zilivyo. Hakuna aliyepotea kwa sababu hiyo. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuchagua kati ya kata na chomoa, kati ya funga na kaza, na kuweka betri mbele ya plagi. Mtafsiri asiyewahi kushika koleo anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, mradi akiandika kila kitenzi ajiulize: mkono wa msomaji utafanya nini sasa hivi?

5. Mazoezi

1. Sahihisha: “Kukata betri, kufungua redio na kufunga waya mpya.” Andika amri tatu zisizo na maana mbili.

2. Eleza tofauti ya tendo kati ya legeza, fungua, chomoa na ng’oa. Kipi hakifai kabisa kwa plagi, na kwa nini?

3. Msomee fundi wa mtaani kwako hatua c na d, bila kuongeza maelezo. Andika mahali alipouliza swali. Je, aliuliza juu ya nomino au juu ya kitenzi?