TELA LA NG'OMBE: TUNZA PINI NA BREKI

Katika wilaya za Tarime na Serengeti watu wengi tunalima kwa plau. Maksai wale wale waliolima ndio wanaokokota tela wakati wa mavuno. Plau tunaijua. Jembe lake likilika tunaliona mara moja, tunanunua jingine. Lakini tela hatuliangalii. Tunalipakia mahindi, mbolea, kuni, matofali na mapipa ya maji. Likimaliza kazi tunaliacha pale pale lilipofunguliwa. Leo tujifunze juu ya sehemu mbili za tela ambazo zikiharibika zinaweza kuua mtu. Ya kwanza ni pale tela linapoungana na nira. Ya pili ni breki.

Hatari iko kwenye kuteremka

Tela likipanda mlima, ng'ombe wanalivuta. Kila mtu anaona wanavyohangaika. Tela likiteremka, mambo yanageuka: sasa tela ndilo linalowasukuma ng'ombe. Anayeshuka kutoka milima ya Tarime kwenda upande wa Mto Mara anayajua haya. Upande wa Mugumu nchi ni tambarare zaidi, lakini kila korongo lina mteremko wake.

Tupige hesabu kidogo. Magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100, ni kilo 1,000. Tela lenyewe tuseme ni kilo 200. Jumla ni kilo 1,200. Kama njia inashuka mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, gawanya kwa 10. Tela linasukuma mbele kama mzigo wa kilo 120. Udongo unapunguza kiasi, lakini njia ikiwa ngumu na tairi zikiwa na upepo mzuri, hupunguza kidogo tu.

Nani anazuia kilo hizo? Kama breki hakuna, ni ng'ombe wenyewe. Nira imekaa shingoni mbele ya nundu. Imetengenezwa kwa kuvuta, siyo kwa kuzuia. Tela likisukuma, nira inateleza mbele mpaka inakwama kwenye pembe. Ng'ombe anaumia, anaogopa, anaanza kukimbia. Punda ndiye mwenye taabu zaidi, maana hana pembe. Yeye lazima afungwe mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja, ili azuie tela kwa mwili wake.

Na mbele ya ng'ombe yupo nani? Mara nyingi ni mtoto, ameshika kamba. Sisi tunasema wazi: kwenye mteremko mtoto asitembee mbele ya ng'ombe. Kamba ashike mtu mzima, atembee pembeni, na mtu wa pili akae na breki. Kama watu wazima wawili hawapo, punguzeni magunia.

Pini

Mti wa tela unaungana na nira kwa pete ya chuma na pini. Pini na pete vinasuguana siku nzima. Vumbi linaingia katikati na kukwangua chuma kama tupa. Chomoa pini uitazame vizuri. Pale inaposuguana utaona imekuwa na kiuno. Hapo ndipo itakapokatika, na itakatika siku ya mzigo mkubwa. Ikishalika robo ya unene wake, mpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee nyingine. Tazama na pete pia. Tundu lake likiwa refu kama yai, nayo imechoka.

Pini ikipotea, wengine wanachomeka msumari wa inchi 6, au wanafunga waya. Ndugu, msumari unapinda upesi, na waya unakatika uzi mmoja mmoja bila wewe kuona. Pini nzuri ina tundu dogo chini la kupitisha kotapini, ili isiruke tela linaporukaruka kwenye mawe. Tena funga mnyororo wa pili kati ya mti na nira, uwe mfupi. Pini ikikatika, mnyororo utaushika mti usifike chini. Mti ukichoma ardhi kwenye mteremko, tela linapinduka na magunia yake yote.

Breki

Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimetengeneza matela ya ng'ombe, lakini mengi tuliyo nayo vijijini yametengenezwa na mafundi wetu kwa ekseli za magari mabovu. Breki yake ni rahisi: vipande viwili vya mti mgumu vinavyobana tairi, ukivuta mkono wa chuma au kamba. Inafaa kabisa, ikitunzwa.

Vipande vyote viwili viguse tairi kwa wakati mmoja. Kikibana kimoja tu, tela linakwenda upande. Jaribu breki kabla ya kupakia: ibane, kisha watu wawili walisukume tela. Magurudumu yakizunguka, rekebisha. Njiani anza kubana kabla ya kuingia mteremkoni. Na usipake grisi wala oili kwenye vipande hivi, maana vitateleza. Grisi ni ya pini, pete na beringi.

Matela makubwa ya gari, kama yale ya kubebea boti, mengine yana breki inayojibana yenyewe. Tela likisukuma gari, kichwa cha kuunganishia kinarudi nyuma kidogo na kusukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu. Ni akili nzuri: msukumo wenyewe ndio unaobana. Ng'ombe hawana mashine hiyo, basi mkono wako ndio uwahi.

Kulihifadhi tela

Kazi ikiisha, kabla ya mvua za Machi hadi Mei, osha tela. Samadi na mbolea ya dukani vinakula chuma. Likikauka, fungua magurudumu, safisha beringi kwa mafuta ya taa, weka grisi mpya. Chomoa pini, ipake grisi, itundike ndani ya nyumba. Ukiiacha kwenye tela, mtoto ataichukua kuchezea.

Liweke tela chini ya paa, hata la nyasi. Ekseli ikae juu ya mawe ili tairi zisiguse chini, na mti uegemezwe juu, mbali na mchwa. Oili chafu inasaidia kwenye mbao na chuma, lakini isiguse tairi, maana inaozesha mpira. Mikanda ya ngozi ipakwe mafuta ya ng'ombe na kutundikwa mahali panya na mbwa hawafiki.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Tela lina uzito wa kilo 200. Limepakiwa magunia 6 ya kilo 100. Njia inashuka mita 1 kwa kila mita 8. Tela linawasukuma ng'ombe kama mzigo wa kilo ngapi? Magunia yakipunguzwa mawili, zitabaki kilo ngapi?