Kuizika Hewa ya Ukaa Ardhini: Chembe za Nano na Fundisho la Mawe ya Pemba

Katika maabara ya sekondari, iwe ya Madungu mjini Chake Chake au ya penginepo, mwanafunzi apulizapo pumzi yake kwa mrija ndani ya maji safi ya chokaa huona maji hayo yakigeuka meupe mfano wa maziwa. Weupe huo ni vumbi laini la kalisi kaboneti, yaani jiwe lile lile la chokaa. Hewa ya ukaa, au kaboni dayoksaidi, iliyotoka kifuani mwake imekuwa jiwe. Lakini akiendelea kupuliza kwa muda mrefu, maziwa yale hutoweka na maji hurudia kung'aa. Hewa iliyojenga jiwe ndiyo hiyo hiyo inayoliyeyusha.

Mabadiliko hayo mawili huandikwa hivi:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O
CaCO3 + CO2 + H2O → Ca(HCO3)2

Jaribio hili dogo ndilo ufunguo wa kazi kubwa inayofanywa leo katika nchi kadhaa: kuikamata hewa ya ukaa na kuizika chini ya ardhi. Pia laonyesha kwa nini kazi hiyo haiwezi kufanywa kila mahali kwa njia moja.

Kwa nini izikwe?

Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba hupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Sehemu ya umeme wa gridi ya Taifa hutokana na gesi asilia, ikiwamo ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Gesi hiyo kwa sehemu kubwa ni methani, na kila kilo 16 za methani zikiungua hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa.

Kabla ya kuzuka kwa viwanda vikubwa huko Ulaya, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo kiasi cha chembe 280 za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoroke. Bahari hupanuka kwa joto na barafu za nchi kavu huyeyuka. Wakulima wa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wamekwisha kuyaona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba yao. Tanzania imechangia kidogo mno katika kosa hilo, lakini visiwa vyake havikusamehewa matokeo yake.

Namna ya kuizika

Hewa ya ukaa ikishindiliwa chini ya ardhi, kwa kawaida kupita kina cha meta 800, hukuta joto linalozidi digrii 31 za Selsiasi na kanieneo inayozidi mara 73 ya ile ya angahewa. Hapo huwa si gesi kamili wala si kimiminiko kamili. Meta moja ya ujazo, ambayo huku juu ina uzito wa kilo 2 hivi, huko chini huwa na mamia ya kilo. Kwa hiyo hewa nyingi huweza kuwekwa mahali padogo.

Mahali penyewe si pango. Ni vitundu vidogo sana vilivyomo ndani ya mwamba wa mchanga, kama maji yanavyokaa ndani ya chungu kikavu. Juu yake sharti pawe na tabaka la mfinyanzi mgumu usiopitisha hewa, mfano wa kifuniko. Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, kazi ya namna hii ilianza mwaka 1996, ikazika kiasi cha tani milioni moja kwa mwaka.

Njia ya pili ni kuigeuza iwe jiwe. Katika Aislandi, mradi wa CarbFix uliyeyusha hewa ya ukaa katika maji na kuyaingiza katika basalti, yaani jiwe la volkeno lenye kalisi na magnesi kwa wingi. Kazi hiyo ilifanyika mwaka 2012. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa hiyo ilikuwa jiwe katika muda usiotimia miaka miwili. Lakini kila tani moja ya hewa ilihitaji kiasi cha tani 25 za maji. Basalti imejaa pia katika Bonde la Ufa la Kenya, ambako kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa mwaka 2022, imeishika kazi ya kuikamata hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka angani kwa nia ya kuizika katika miamba hiyo.

Chembe za nano zaingia wapi?

Nanomita moja ni sehemu moja ya meta iliyogawanywa mara milioni elfu. Chembe za nano ni zile ambazo upana wake hauzidi nanomita 100. Nguvu yake yatokana na eneo la uso. Kila mkulima wa Pemba anajua kwamba karafuu iliyotwangwa hutoa harufu upesi kuliko karafuu nzima, kwa kuwa imefunuliwa ndani yake. Mchemraba wenye ubavu wa sentimeta 1 una uso wa sentimeta 6 za mraba. Ukikatwakatwa kuwa michemraba yenye ubavu wa nanomita 10, jumla ya nyuso zake huwa meta 600 za mraba, sawa na kiwanja cha meta 20 kwa 30.

Faida ya kwanza ni kuharakisha. Hewa ya ukaa huungana na maji polepole sana. Mwaka 2013 Lidija Šiller na Gaurav Bhaduri wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walieleza kwamba chembe za nano za nikeli huuharakisha muungano huo bila zenyewe kuliwa. Yaani ni kichocheo. Fikra hiyo waliipata kwa kumchunguza yule mnyama wa baharini mwenye miiba, ambaye wavuvi wa Pemba humwogopa wakanyagapo miamba. Mabuu yake yalikutwa na nikeli kwenye gamba, nayo hujenga gamba hilo kwa hewa ya ukaa iliyomo majini.

Faida ya pili ni kuinasa hewa isitembee. Kuta za vitundu vya mwamba zikiwa na utando wa mafuta, maji hayashiki, na hewa hupenya kwa urahisi kwenda juu. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maji yenye chembe za nano za silika huzifanya kuta zipende maji tena. Maji yakizishika kuta, hewa hukatika vipande vipande na kubaki imenaswa.

Hata hivyo, chembe hizo zina gharama. Katika maji ya chumvi hugandamana na kuweza kuziba vitundu vile vile zilivyotumwa kuvisaidia. Zikivuja hadi visima vya kunywa, zitakuwa mzigo mpya kwa watu.

Mawe ya Pemba

Je, hewa ya ukaa yaweza kuzikwa Pemba? Sehemu nyingi za kisiwa zina jiwe la matumbawe, na jiwe hilo ni kalisi kaboneti. Hapa jaribio la maabara hutoa jibu: maji yenye hewa ya ukaa hayataongeza jiwe, bali yatalila. Mahali pasipo basalti, kichocheo cha nikeli kitaharakisha tu kutengenezwa kwa asidi. Na kisiwa ambacho watu wake hutegemea visima hakina tani 25 za maji matamu za kutoa kwa kila tani ya hewa.

Chini zaidi mna matabaka ya mchanga na mfinyanzi. Kati ya mwaka 1952 na 1964 kampuni za BP na Shell zilitafuta mafuta katika pwani hii, zikachimba kisima kirefu kimoja Pemba. Lakini kisima kimoja hakitoshi kuthibitisha kwamba kifuniko hakina ufa. Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 1986, ziwa Nyos la Kameruni lilipotoa kwa ghafla hewa ya ukaa ya asili na kuua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja.

Kwa hiyo chembe za nano huongeza kasi ya lile ambalo jiwe lenyewe limekubali kulifanya. Haziwezi kulibadili jiwe liwe jingine. Nchi itakayoombwa kupokea hewa ya ukaa, iwe yake au ya wengine, sharti kwanza iwe na vijana wanaoyajua mawe yake.

Mazoezi

1. Kilo 1 ya methani ikiungua kabisa, hutoa kilo ngapi za hewa ya ukaa?
2. Thibitisha kwa hesabu kwamba mchemraba uliotajwa hapo juu hutoa uso wa meta 600 za mraba.
3. Dondoshea siki juu ya jiwe la matumbawe. Eleza mapovu ni hewa gani, na jaribio hili linahusianaje na uhifadhi wa visima vya Pemba.
4. Kwa nini basalti hufaa kuigeuza hewa ya ukaa kuwa jiwe, na jiwe la chokaa halifai?