Kabla Hujaomba Miche, Kagua Visiki Vyako: Somo la Kisiki Hai na Ngitili



Kila ikikaribia Oktoba simu zangu zinakuwa na swali moja: "Bwana shamba, miche ya miti inakuja lini?" Swali zuri, silikatai. Ila ukipita mashambani wakati huohuo unamkuta mtu yuleyule anayesubiri miche ameshika panga, anafyeka machipukizi yote yaliyoota kwenye visiki, anayakusanya na kuyatia moto. Anaita kusafisha shamba. Yaani anachoma miti aliyonayo huku akisubiri kuletewa mingine kwa gari.

Somo la leo ni hilo. Sehemu kubwa ya miti tunayoitaka hapa Usukuma na maeneo mengine makavu tayari ipo ardhini, mizizi yake hai. Kinachokosekana ni kuichagua, kuipogolea, na kukubaliana kijijini nani asiiguse na lini. Hilo la makubaliano ndilo gumu kuliko yote na nitakaa nalo zaidi.

KWANZA TUKUMBUSHANE TULIKOTOKA

Wazee wetu wanajua kwamba mkoa wa Shinyanga haukuwa mweupe hivi. Serikali ya kikoloni, kati ya miaka ya 1920 na 1940, ilifyeka misitu mikubwa ili kuua mbung'o. Pamba ikaongezeka, ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa vikaongezeka. Kisha miaka ya 1970 watu walihamishiwa kwenye vijiji vipya, na zile ngitili ambazo kila kaya ilikuwa inazijua na kuzilinda zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kwa vijana wasioijua: ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo haiingii, nyasi zinakua na miti inachipua, halafu linafunguliwa kiangazi kikali kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na waliodhoofu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilibaki kama hekta 600 tu. Mradi ulianza na vitalu na miche, kama tunavyopenda wote. Baadaye wataalamu waliona ni bora kuwasikiliza wanakijiji na kurudisha ngitili, kazi ikafanywa na mizizi iliyokuwa chini. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikadiriwa kupita hekta 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800. Hakuna gari la miche ambalo lingeweza kufanya hivyo.

Sio sisi peke yetu. Kule Niger, nchi kavu kuliko yetu, mtaalamu wa Australia anayeitwa Tony Rinaudo alikuwa anasimamia upandaji wa miti eneo la Maradi na miche mingi ilikuwa inakufa. Mwaka 1983 aligundua kwamba vile vichaka alivyokuwa anavipita kila siku ni visiki vinavyochipua. Wakulima wakaanza kuvitunza, na leo inakadiriwa zaidi ya hekta milioni 5 za mashamba kule zimerudi kuwa na miti. Dodoma njia hii inafahamika kwa jina la Kisiki Hai, na jina hilo nalipenda kwa sababu linaeleza kila kitu.

Kwa nini kisiki kinaushinda mche? Mizizi. Mche wa kiriba una mzizi wa sentimita chache, ukiukosesha maji wiki tatu umekwisha. Kisiki cha mgunga au mlama kina mizizi iliyoshuka chini miaka mingi, na chakula kimehifadhiwa humo. Ukiacha chipukizi moja au mawili yatumie nguvu yote hiyo, si ajabu ndani ya mwaka yakafika kimo cha mtu.

SASA KAZI YENYEWE

Pita shambani kabla ya jembe. Usipite na panga, pita na vitambaa. Visiki vyote vyenye machipukizi mabichi vitazame, halafu amua vipi vinabaki. Kule Niger walianza na kama 40 kwa hekta, ambayo ni kama 16 kwa ekari. Kwa shamba la mahindi, mtama au alizeti hiyo inatosha kabisa kuanzia. Kwenye ngitili au eneo la malisho unaweza kuacha vingi zaidi. Anza na mipakani na kwenye makorongo kama una wasiwasi na kivuli.

Kwenye kisiki ulichochagua utakuta machipukizi hata 20 yanagombania. Bakiza mawili hadi matano, yale manene, yaliyonyooka na yaliyotoka karibu na ardhi. Mengine yote kata. Kisha kwenye yale uliyobakiza ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya kimo, nusu ya juu iache na majani yake. Wengi wanakosea hapa, wanapogoa mpaka kinabaki kimkia juu kama mkia wa punda. Mti unakula kwa majani, ukiyamaliza umeunyima chakula.

Panga liwe kali na ukate kuelekea juu. Ukikata kuelekea chini tawi linachanika na ganda, kidonda kinakuwa kikubwa, wadudu wanaingia.

Halafu funga kitambaa cha rangi inayoonekana. Watu wanaona ni pambo tu, wanaruka hatua hii, na jembe la ng'ombe linapita juu ya kisiki siku ya kwanza ya mvua. Kitambaa kinamwambia mwenye jembe, mchungaji na mtafuta kuni kwamba hiki kina mwenyewe. Matawi uliyokata yenye miiba zungushia kisiki, yasiyo na miiba tandaza shambani yafunike udongo, na manene ni kuni za nyumbani. Baada ya miezi miwili mitatu rudi, machipukizi mapya yatakuwa yametoka chini, yatoe. Ukiendelea hivyo, miaka inayofuata unapunguza shina moja moja kwa ajili ya fito na kuni huku moja likibaki kuwa mti.

Usifanye hivi kwa visiki vya mikaratusi katikati ya shamba la chakula. Mkaratusi una kazi yake, ila uwe na eneo lake.

MNAVYONIBISHIA

"Miti inaleta ndege." Kweli. Kwelea kwelea wanapenda kuzaliana kwenye vichaka vya miiba vilivyosongamana, na anayelima mtama ana haki ya kuogopa. Ila kinachowavutia ni kichaka. Mti uliopogolewa, shina moja au mawili, umesimama mbali na mwenzake, sio kichaka. Tena kisiki kisichotunzwa ndicho kinachogeuka kuwa kichaka.

"Kivuli kitaua mahindi." Kikizidi, ndiyo. Ndiyo maana tunapogoa kila mwaka, na ndiyo maana nimesema 16 na sio 100. Migunga ni jamii ya mikunde, inasaidia kuongeza naitrojeni kwenye udongo, na majani ya miti yakianguka yanaoza. Mvua zetu siku hizi zinakuja kwa fujo siku mbili halafu zinakata wiki tatu. Udongo wenye majani na kivuli kidogo unashika maji kuliko ule ulioachwa uchi, hiyo utaiona mwenyewe kwa kuchimba na kidole.

"Ng'ombe wataila yote." Hapa sina ubishi. Hapa ndipo kazi nyingi za miti zinafia.

BILA MAKUBALIANO UNAPOTEZA MUDA

Kwetu ukishavuna, shamba linakuwa kama la wote, mifugo inaingia kula mabua. Ni desturi na ina faida, samadi inabaki. Lakini ndiyo miezi ambayo chipukizi ni kitu pekee kibichi. Mkulima mmoja hawezi kulinda peke yake ekari tano zisizo na uzio, atagombana na majirani tu. Kwa hiyo suala hili lipelekwe kwenye kitongoji, kisha mkutano mkuu wa kijiji.

Ngitili zilifanikiwa kwa sababu zilikuwa na sheria ambazo kila mtu anazijua, zilizopitishwa kwenye dagashida na kusimamiwa na sungusungu. Tarehe ya kufunga inajulikana. Tarehe ya kufungua inajulikana. Eneo linagawanywa vipande, mkimaliza kimoja ndio mnaingia kingine. Mchungaji akiingiza mifugo kabla ya wakati anajua faini yake.

Siku hizi hakikisheni makubaliano hayo yanakuwa sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu unajadili na kupitisha, inapita kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Inachukua muda na inachosha, najua. Lakini faini inayotozwa kwa sheria ambayo haijaidhinishwa mtu anaweza kuipinga na mkashindwa. Na kila faini iwe na risiti. Mahali ambapo faini zinaishia mfukoni, miti haiishi miaka miwili.

Jambo jingine lisemwe wazi kwenye mkutano huo: nani anafaidi? Ngitili ya kijiji ikifunguliwa, mwenye ng'ombe 200 anakula zaidi ya mjane mwenye mbuzi watatu, ingawa wote walikatazwa kuingia miezi yote ile. Mimi nashauri malipo kidogo kwa kila kichwa cha ng'ombe, fedha iingie kwenye mfuko wa kijiji. Na akina mama wapewe siku zao za kuokota kuni kavu, ziandikwe. Ukimfungia mama msitu kabisa, ataiba kuni au atatembea mbali zaidi, na vyote viwili ni vibaya.

WAFANYABIASHARA NANYI MNAHUSIKA

Tusimwachie mkulima peke yake. Anayechoma tofali anatumia kuni nyingi kwa tanuri moja kuliko familia inavyotumia kwa miezi. Maeneo ya mpunga kama Kahama, mashine za kukoboa zina milima ya pumba ambazo hazina kazi. Pumba zinachoma tofali vizuri, na majivu yake yanarudi shambani. Ukiweza zaidi, tofali za kufungamana za udongo na saruji hazichomwi kabisa.

Mkaa wa tanuri la kienyeji ni hasara tupu, kilo 100 za kuni kavu unaambulia kilo 10 hadi 20 za mkaa. Shule na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Shule ambayo bado inachangisha kila mwanafunzi mzigo wa kuni ijue inakula visiki vya wazazi wa wanafunzi haohao.

Na watu wa kaboni wameanza kupita vijijini. Biashara hiyo ipo, kuna vijiji wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinalipwa kwa kutunza misitu yao. Ila ina kanuni zake za mwaka 2022, na kituo cha taifa kinachoshughulikia kaboni kipo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mgeni akija na mkataba wa miaka 30, mwenyekiti asisaini peke yake. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, na mwanasheria wa halmashauri auone.

MTI NI WA NANI?

Wanaokodi mashamba wananiuliza hili kila mara, na wana haki. Utunze kisiki miaka mitatu, mwenye shamba aje akate auze? Andikeni. Karatasi moja, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: visiki vingapi vimeachwa, fito na kuni za kupogolea ni za anayelima, shina kubwa ni la mwenye shamba au mnagawana nusu. Mkumbuke pia kwamba mninga na mpingo haukatwi bila kibali hata ukiwa kwenye shamba lako, na ukisafirisha mazao ya msitu unahitaji hati ya kusafirishia. Muulize ofisa misitu wa wilaya kabla ya kuleta msumeno.

Wiki hii kata vitambaa 16 kwa kila ekari unayolima, uende navyo shambani asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwenye trekta au jembe la kukodi mpitishe uonyeshe kila kimoja kabla hajaanza mfereji wa kwanza.