Vibao vya Udongo: Asili ya Kuandika Katika Nchi ya Iraki

Mwanafunzi wa tarikhi huenda akauliza: Watu walioabudu masanamu, na ambao dola zao zimekwisha tangu zaidi ya miaka elfu mbili, watufaa nini sisi? Jawabu ni kwamba kila ashikaye kalamu yampasa kuwajua, na kila atazamaye saa pia. Kwani kugawanya saa kwa dakika 60 kumetokana na hesabu ya watu wa Babeli, waliohesabu kwa sitini sitini.

Nchi yao ni ile iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Kusini mwake mvua ni haba. Basi Wasumeri walichimba mifereji, wakapata shayiri nyingi, wakajenga miji. Katika mji wa Uruk hekalu lilikuwa na maghala, watu wakileta mazao na wengine wakipewa posho. Nani ameleta nini, na nani amepewa kiasi gani? Kukumbuka kwa kichwa hakukutosha tena.

Basi yapata mwaka 3300 kabla ya Nabii Isa wakaanza kuchora alama juu ya udongo mbichi kwa kijiti cha tete. Kwanza zilikuwa picha, kama kichwa cha ng'ombe au suke la shayiri. Baadaye alama zikasimama mahali pa sauti za maneno. Zingatieni, enyi wanafunzi: maandishi hayo ya kwanza si mashairi wala sifa za wafalme. Mengi ni hesabu za nafaka na mifugo, na yaliyobaki ni orodha za maneno za kuwafundishia waandishi.

Chuo chao kiliitwa edubba, yaani nyumba ya vibao. Vimefukuliwa vibao ambavyo mwalimu ameandika mstari kwa mkono mwema, na mwanafunzi ameunakili kwa mkono usiozoea. Aliyesoma kwa ubao katika vyuo vya pwani yetu ataitambua hali hiyo mara moja.

Lakini kuandika peke yake si uadilifu. Mfalme Hammurabi wa Babeli, aliyetawala mwaka 1792 hata 1750 kabla ya Nabii Isa, aliandikisha sheria zake juu ya jiwe. Amtoboaye jicho muungwana mwenziwe alitobolewa lake. Amtoboaye mtumwa wa mtu alilipa nusu ya thamani yake tu. Maandishi hayakuiondoa dhuluma hiyo, ila yaliihifadhi wazi, nasi twaweza kuihukumu.

Mwaka 612 kabla ya Nabii Isa mji wa Ninawi ulitekwa ukachomwa, pamoja na maktaba ya mfalme Ashurbanipal. Moto huo ulivikausha vibao vingi vikawa vigumu kama matofali, vikadumu chini ya vifusi mpaka vilipofukuliwa katika karne ya 19. Leo vibao na vipande vyake zaidi ya 30,000 vimo katika jumba la makumbusho la London.

Sisi hatuandiki juu ya udongo. Karatasi ikiungua huwa jivu, na mchwa hawasubiri moto. Basi kila mwanafunzi na awaulize wazee wa nyumbani kwao: kuna barua, hati au kitabu gani cha mkono kilichosalia sandukuni? Akinakili, asiongeze wala asipunguze.