Je, FC ni FIFA feki?

Swali: Nina kibanda cha gemu Mbagala, PS4 mbili. Wateja wanadai gemu la mpira la FC ni FIFA feki. Niinunue? Nipandishe bei ya mechi?

Jibu: Si feki, ndugu yangu. Watengenezaji ni walewale, EA Sports. Kilichoisha ni ruhusa ya kutumia jina la FIFA. FIFA 23 ndiyo ya mwisho, kisha FC 24 ikatoka Septemba 2023. Majina halisi ya wachezaji na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza yamebaki, maana hayo yana mikataba yake. Tena FC 24 inacheza kwenye PS4, kwa hiyo usikimbilie PS5, iliyoingia sokoni 2020 kwa dola 499. Bei ya mechi usiiguse: vijana wanakuja na sarafu za kuhesabu. Na nunua diski. Ikichuja, utaweza kuiuza.