Mnara Upo, Laini Siyo Yako

Kila msimu wa udahili TCU hutangaza kwamba waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja wathibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri waliyotumiwa kwa meseji. Kwa aliyekaa Sinza hiyo ni kazi ya dakika tano. Sasa mchukue kijana aliyemaliza kidato cha sita akarudi kwao Maparoni, kata iliyo ndani ya delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, ambako safari ni ya mtumbwi au boti na maji yakipwa unasubiri. Meseji imetumwa kwenye laini aliyojisajilia. Simu anayo, chaji imejaa, siku zinahesabika. Juu ya kioo imeandikwa: simu za dharura pekee.

Wengi wetu tukiona maneno hayo tunasema "hakuna mtandao" na kurudisha simu mfukoni. Lakini soma vizuri. Simu inayoweza kupiga ya dharura imeshasikia mnara mahali fulani. Mtandao upo, ila siyo wa kampuni iliyokuuzia laini.

Tunalitumia neno "mtandao" kwa vitu vingi mno, na hapo ndipo tunapoanza kuchanganyana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima ililia kwamba mtandao umekata. Simu za kawaida ziliendelea kupigika kwa sababu mawasiliano kati ya simu na mnara yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni njia ya intaneti kwenda nje. Siku bumu likiingia nako vijiti vimejaa lakini hakuna kinachosoma, maana mnara umezidiwa na watu. Tatizo la delta ni jingine: simu na mnara kusikiana.

Mawimbi ya simu husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia imejipinda. Kuna kanuni rahisi: umbali wa upeo kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu kwa mita. Mnara wa mita 45 unakupa kama kilomita 27.6. Simu uliyoishika mita 1.5 kutoka chini inaongeza kilomita 5. Jumla ni kama kilomita 33, na hapo tumechukulia hakuna kizuizi chochote njiani. Teknolojia ya 2G nayo ina mpaka wake: kwa mpangilio wa kawaida mnara hauhudumii simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35, hata kama inasikika, kwa sababu mnara hupanga zamu za simu kwa kukisia muda wa wimbi kwenda na kurudi, na hesabu hiyo inaishia hapo.

Ila delta siyo uwanja wa mpira. Msitu wa mikoko wa Rufiji ndio mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, na majani mabichi yenye maji hunyonya mawimbi, hasa ya masafa ya juu. Ukiwa kwenye mtumbwi umekaa chini kabisa, ukuta wa mikoko kila upande. Maji yenyewe huakisi mawimbi kama kioo, kwa hiyo wimbi linalotoka moja kwa moja na lile lililogonga maji yanaweza kukutana na kufutana. Bahari ikijaa au kupwa, kioo hicho kinapanda na kushuka. Mhandisi yeyote wa viungo vya redio vinavyovuka maji anaijua kero hiyo. Kwa hiyo mtu wa delta akikuambia hapa simu inashika maji yakipwa tu, usimcheke kabla hujapima.

(Redio siyo mgeni huko. Julai 1915 Waingereza walipoishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha ndani ya delta, mizinga yao haikuona kitu kwa sababu ya mikoko. Ndege iliyotoka Mafia ilielekeza shabaha kutoka juu kwa simu ya upepo. Dawa ya mikoko ilikuwa kimo, na hadi leo ndiyo hiyo.)

Jambo moja zaidi kabla hatujatoka kwenye fizikia. Vijiti unavyoviona vinapima jinsi wewe unavyousikia mnara. Havisemi kama mnara unakusikia wewe. Mnara una nguvu kubwa na antena iliyo juu; simu yako kwenye 2G ya masafa ya 900 haizidi wati 2. Ndiyo maana unaona kijiti kimoja, unapiga, haiendi. Na ndiyo maana betri inaisha haraka kijijini: simu inapiga kelele kwa nguvu zake zote. Meseji hupenya pale simu inaposhindwa, kwa sababu husubiri kwenye kituo cha meseji na kujaribiwa tena.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya dharura. Mfumo wa simu umetengenezwa ili namba 112 ipite kwenye mnara wowote unaosikika, wa kampuni yoyote. Maana yake simu ya yule kijana inaelewana na mnara wa kampuni nyingine vizuri kabisa. Anachokosa ni ruhusa.

Kinachoniudhi ni hiki. Mtalii kutoka Ujerumani akipita Nyamisati kwenda Mafia, laini yake iko kwenye romingi, yaani inatumia mitandao ya wenyeji kwa makubaliano. Mara nyingi kampuni ya kwao ina mikataba na kampuni zaidi ya moja hapa nchini, hivyo simu yake inachagua mnara wowote ulio karibu kati ya hizo. Mwenyeji wa Maparoni amefungwa kwenye mmoja. Ndani ya delta, mgeni ana mtandao mpana kuliko mwenyeji! Kuvuka mipaka tulishakuweza zamani: Septemba 2006 Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akapiga simu ng'ambo ya mpaka kwa bei ya wenyeji.

Utaniambia ahamie kampuni yenye mnara, kwani tangu 2017 unahama bila kubadili namba. Sawa, lakini mto wa pili una mnara wa kampuni nyingine. Matokeo yake ni laini mbili tatu kwa mtu mmoja, na kifurushi kwa kila laini. Mwenye kipato kidogo ndiye anayelipa mara nyingi zaidi.

Tuangalie na fedha. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya 2006, hutoa ruzuku kwa kampuni zijenge pale ambapo biashara pekee isingewapeleka. Tarehe 13 Mei 2023 jijini Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Gawanya mwenyewe: ni mnara mmoja na kidogo kwa kata, katika nchi yenye kampuni tano zilizogawana kazi hiyo. Ni kazi kubwa na haistahili kubezwa. Lakini kwa hesabu hiyo, kata nyingi zinapata mnara wa kampuni moja, kwa ruzuku ya umma, na wengine wote wanabaki na 112.

Kampuni zina hoja nzito: nikijenga porini halafu wateja wa mshindani wakautumia mnara wangu, nani atajenga tena? Kwa mnara uliojengwa kwa fedha zao wenyewe, nawaelewa. Kwa mnara wa ruzuku, masharti yangeweza kuwa wazi: ubebe laini zote, na kampuni zilipane zenyewe kwa zenyewe. Ukraine, Machi 2022, kampuni tatu zilifungua romingi ya ndani vita ikiwa ndiyo kwanza ina wiki chache. Sisi tulikuwa na kimbunga Hidaya kilichoingia Mafia Mei 2024, jirani kabisa na delta. Onyo la TMA haliji kupitia 112.

Mwenye fildi Kibiti mwaka huu, fanya jaribio hili. Kwenye mipangilio ya simu zima uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, subiri dakika chache. Orodha itakayotokea ni ya mitandao yote inayosikika hapo ulipo. Gusa usio wako uone unavyokukatalia. Andika kitongoji, saa, majina yaliyotokea, na kama maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Daftari moja la namna hiyo, la kata moja tu, lingetosha kuwapelekea TCRA.