Dondoo muhimu: Mafuta angani

Geji za mafuta za ndege ndogo haziaminiki. Kabla ya kuruka, fungua matangi ya mabawa, utumbukize kijiti cha kupimia. Hesabu safari kwa saa, si kwa kilomita: Cessna 172 hunywa takriban lita 30 hadi 35 kwa saa, na upepo wa mbele hurefusha safari. Kanuni za kimataifa hutaka akiba ya nusu saa mchana. Kwangu hiyo ni ndogo, bakisha saa nzima.

Injini ikizima, shusha pua kwanza. Ikiwa na uzito kamili, Cessna aina ya 172S huteleza mbali zaidi kwa kasi ya noti 68. Chagua shamba la kutua, kisha badilisha tangi: si ajabu moja limekauka, la pili limejaa. Redio, masafa ya dharura 121.5 MHz, ifuate baadaye.